Chai yao mbovu, lakini hawakuniuliza

Chai ya hospitali za Ayalandi ni maji moto yaliyomwagiwa maziwa baridi. Pale Nakuru, kwetu Kenya, tungemrudishia mwenye hoteli kikombe chake na kudai pesa zetu. Lakini Februari hii nililetewa chai hiyo saa tisa usiku, na vipande viwili vya mkate wa kuchoma vyenye siagi, nikalia mpaka muuguzi akakimbia kuangalia kama nimeanza kutoka damu tena.

Mimba ya wiki kumi na moja ilikuwa imetoka. Nilifika nimejifunga leso niliyotoka nayo nyumbani, imelowa yote. Muuguzi akauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, damu ilianza saa ngapi, kuna dawa inayonidhuru. Basi. Mimi nilikuwa nangoja lile swali. Kwenye teksi nilikuwa nimeshalipangia jibu, tena kwa Kiingereza kizuri. Halikuja.

Wanawake wenzangu mnalijua. "Umekunywa nini?" Yaani, umeitoa mwenyewe.

Mwaka wa 2015, katika hospitali moja pale Nakuru ambayo sitaitaja, niliulizwa mara nne. Karani wa mapokezi, sista wa kwanza, sista wa pili, kisha kijana wa koti jeupe ambaye hakuniangalia usoni. Nilikuwa na mume, nina pete, na mimba yenyewe nilikuwa nimeitafuta miaka miwili. Sista akasema kwa sauti iliyofika benchi ya mwisho: "Mnatoa huko Kaptembwo halafu mnatuletea uchafu hapa." Nikakaa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa mchana, juu ya gazeti, kwa sababu mama wa usafi alisema nitaharibu kiti. Nakumbuka lilikuwa ukurasa wa michezo.

Najua mtakachoniambia. Mjomba wangu kwenye grupu ya familia tayari ananiita Bibi Ulaya: umepanda ndege mara moja tu, sasa kwenu kunanuka. Mjomba, heshima yako iko palepale, shikamoo, lakini benchi ile hukuikalia.

Tena mimi sisemi watu wa huku ni malaika. Padre aliyenipa komunyo ya kwanza alikuwa Mwayalandi, na hakuna tulichonacho kwenye jambo hili ambacho wao hawakuwa nacho. Sheria ya Mwingereza ya 1861 ya kukataza kutoa mimba ilikaa kwenye vitabu vyao hadi 2013, na yetu ya adhabu imetoka kwa Mwingereza huyohuyo. Mwaka wa 1983 wakaongeza na kifungu cha katiba. Mwanamke mwenye nauli alipanda meli akaenda Uingereza, akarudi kimya. (Sisi tungevuka Busia twende wapi, na Uganda ni yaleyale?) Pale Tuam, si mbali na ninapoishi, kulikuwa na makao ya akina mama waliozaa bila ndoa, yakiendeshwa na masista wa kanisa hadi 1961. Rekodi zina vifo vya watoto 796. Kwa hiyo asije mtu kunihubiria habari za Wazungu na utu wao.

Ila kuna siku kitu kilikatika. Oktoba 2012, Galway, Savita Halappanavar, daktari wa meno mwenye miaka 31, alilazwa mimba yake ya wiki 17 ikiharibika. Aliomba itolewe. Akaambiwa haiwezekani, moyo wa mtoto bado unapiga. Sumu ikaingia kwenye damu, na tarehe 28 akafa. Mwezi wa tano 2018 nchi ile ya rozari ikapiga kura, asilimia 66.4 wakasema kifungu kiondoke. Sasa hadi wiki 12 unakwenda kwa daktari wa mtaani, unangoja siku tatu, unapewa dawa. Mama mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee aliniambia alipiga kura ya ndiyo huku ameshika rozari mfukoni. Ana miaka 84.

"Kwa hiyo unataka wasichana wetu watoe ovyo." Hilo nalo nililingoja. Nani ametaja ovyo? Mimi nilikuwa nataka mtoto! Hilo ndilo linaloniudhi: mkishaamua kwamba mwanamke anaweza kufungwa miaka saba kwa kutoa mimba, basi kila anayetokwa na damu ni mshukiwa hadi ajitetee, na aliyekuja na huzuni yake anakaa benchi moja na aliyekuja na siri yake.

Na aliyemeza kitu kweli haji kabisa. Msichana wa plot yetu kule Rhonda alilala siku tatu na homa, dada yake akimbembeleza waende. Alikuwa akijibu neno moja tu: "Watanishika." Siku ya nne walimbeba, amechelewa.

Na katiba yetu ya 2010 haisemi hivyo. Ibara ya 43 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ya 26 inamruhusu mhudumu wa afya aliyefunzwa kuitoa mimba, uhai au afya ya mama ikiwa hatarini. Wizara ya Afya iliandika mwongozo wa kazi hiyo 2012, mwaka uliofuata ikauondoa. Msichana wa Kisii aliyebakwa alitolewa mimba kienyeji, akafa baadaye, na 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa mwongozo kulikuwa kosa, mama yake alipwe milioni tatu. Karatasi tunazo, jamani. Tuna karatasi nzuri kuliko Waayalandi wa 2012! Mpelekee yule sista wa Nakuru uone kama atazisoma.

Sasa niseme na la upande wa pili, msije mkaniita mnafiki. Mwaka ule wa 2015 nilirudi nyumbani nikakuta mama Njeri ameshaniwekea uji wa wimbi kwenye thamosi, jirani mwingine anafua mashuka yangu bila kuulizwa. Hakuna aliyesema neno la mimba. Huku nilirudi kwenye nyumba baridi, nikawasha hita, nikafua leso mwenyewe. Majirani hata hawakujua nilikuwa na mimba.

Jumapili nikampigia mama. Nikamweleza yote, hata mkate.

"Na hawakukuuliza?" akasema.

"Hawakuniuliza, mama."

Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umepotea. Kisha: "Mimi waliniuliza. Kabla yako wewe." Miaka yote hii sikujua kwamba kabla yangu kulikuwa na mwingine. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini alishageuza maneno, ananiuliza ile chai yao kama hata tangawizi huwa wanatia.

"Hawatii," nikamwambia. Akacheka kidogo.