Gari Linalopoa Likisimama

Ukiwa na Starlet Glanza hapa Tanga, huna siri. Watoto wa Makorora wanaijua kwa mlio kabla haijakata kona, na mafundi wa Ngamiani wanaijua kwa mvuke. Nasema ile V yenye tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi: injini ya 4E-FTE, cc 1331, nguvu za farasi 135 ndani ya gari lisilofika tani moja. Toyota walilitengeneza kati ya 1996 na 1999 wakiwaza vijana wa Japani, ambao sidhani kama kuna aliyewahi kupakia shangazi yake na sufuria mbili za pilau kwenda harusini Muheza.

Langu lilikuwa na maradhi mawili. Likikimbizwa linachemsha, na shokapu zilishakufa zamani, ukipita shimo Chumbageni unaendelea kunesa hadi Raskazone. Fundi akalizunguka, akapiga teke tairi, akasema, "Bosi, hapa tunafanya kazi ya heshima." Fundi akianza kukuita bosi, shika mfuko.

Tukaanza na rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. Ile ya zamani mwenye gari wa kwanza aliijaza maji ya kisima miaka nenda rudi, nayo maji yetu ya pwani yana chumvi, kwa hiyo ndani kulikuwa na kutu ya kutosha kupandia mchicha. Nikanunua ya alumini, nene, na kulanti ya kweli, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Hapo tukagombana. Fundi alitaka kung'oa themostati, ule mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto, aitupe, eti nchi ya joto hii ya kazi gani. Nikamwambia themostati ya gari hili hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, na ukiitoa injini inachelewa kupata joto lake la kazi, inabaki inakunywa mafuta tu. Aliirudisha, lakini alinuna. Nadhani ndipo alipofunga feni.

Maana rejeta mpya ilikuwa nene mno, feni ya zamani haikuingia. Akachimbua kwenye rundo lake feni nyembamba yenye waya mbili, zote nyeusi kwa grisi. Akaziunga. Ikazunguka. Tukapeana mikono.

Kisha zikaja koilova, yaani shokapu zenye uzi na pete, ukiizungusha pete gari linapanda au linashuka. Fundi alizungusha upande mmoja tu: kushuka. Alipomaliza, tairi zilikuwa zimejificha ndani ya fenda, na kiberiti kikilazwa kilipita chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kikisimamishwa hakipiti. Nikamwuliza, na matuta je? "Matuta unayapita kwa mshazari, bosi."

Jumamosi nikampitia shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Gari lina nini, mbona limechuchumaa?"

"Limeshushwa."

"Nani kalishusha? Mwambie alipandishe twende."

Alikaa mbele na sufuria moja mapajani. Nyuma binamu zangu wawili na sufuria ya pili. Kumbuka Glanza ina milango miwili tu ya watu, wa tatu ni wa buti. Kwenye tuta la kwanza, kwa mshazari na yote, tulisikia sampo ikisalimiana na lami. Ikabidi washuke. Shangazi ashuke na sufuria, kiti cha mbele kikunjwe, binamu watoke kinyumenyume na sufuria yao, nivuke, wapande upya. Tuta lililofuata, hivyohivyo. Hadi tunaitafuta Pongwe, bodaboda walikuwa wanatuzidi, wanasimama kununua muhogo, wanatuzidi tena.

Barabara iliponyooka nikakanyaga mafuta. Mshale wa joto nao ukakanyaga. Nikasimama pembeni, injini ikiunguruma, nikingoja mvuke. Mshale ukashuka. Nikaondoka, themanini kwa saa, mshale juu. Nikasimama, ukashuka.

Hapa niseme, gari zima hufanya kinyume chake. Likiwa kwenye foleni ndipo linapochemsha, kwa sababu halina upepo ila wa feni. Likikimbia, upepo wa barabarani unasaidia. Langu lilikuwa linapoa likisimama na kuchemka likikimbia. Bodaboda watatu wakatoa ushauri. Mmoja alisema maji, wa pili gasketi ya silinda hedi, wa tatu alisema kuna mtu ananionea wivu.

Shangazi hakusema kitu. Alikuwa amesimama mbele ya boneti, na khanga yake ilikuwa inapepea kuelekea Muheza. Miti yote imetulia, jani halitikisiki.

"Mwanangu, hili gari linanipumulia."

"Ni feni, shangazi."

"Najua ni feni. Miaka yote napika vitumbua, mie upepo naujua. Huu unatoka. Weye ulitaka utoke au uingie?"

Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta hewa kutoka mbele. Waya za mota zikibadilishwa, inazunguka kinyume na kusukuma. Gari likisimama, upepo ni upepo, hata ukipita kinyume maji yanapoa kidogo. Likikimbia, wa barabarani unaingia, wa feni unatoka, vinakutana katikati ya rejeta na kubaki vinatazamana.

Nilitaka kuhakikisha kwa karatasi. Ukiiweka kwenye grili, feni nzima inainasa. Karatasi pekee iliyokuwepo ni bahasha ya mchango wa harusi. Shangazi akaiweka mwenyewe. Haikunasa. Iliruka juu ya mtaro, ikaingia shamba la mkonge, na binamu zangu wakaingia nyuma yake kwa viatu vya harusi. Tuliwasikia kwa mbali wakichomwa.

Nikampigia fundi. Akanyamaza kidogo, kisha, "Sasa bosi si ugeuze waya tu?"

Shangazi akaninyang'anya simu. "Na sisi tugeuze waya gani gari liinuke?" Ikakatika. Yeye anasema ni mtandao.

Nilizima gari, nikageuza waya, nikazifunga kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Tulifika Muheza mshale umekaa katikati, umetulia kama mgeni wa heshima. Lakini njia ya kuingia kwa wenye harusi ilikuwa na tuta la udongo. Shangazi hakungoja kuambiwa, akashuka na sufuria yake, binamu na yao, nami nikaanza kupanda kwa mshazari, polepole mno, wao wakitembea huku na huku ubavuni mwa gari.

Kule ndani mtu akapaza sauti: "Bibi harusi huyooo!" Ngoma ikalipuka, vigelegele vikafuata, wapiga picha wakaja mbio. Shangazi aliweka khanga yake sawa, akatabasamu, akaanza kuwapungia mkono.