Noti za hisabati: faili moja kwa karatasi na simu?

Mwalimu wa hisabati hapa Kampala huwafikia wanafunzi kwa njia mbili: karatasi zilizochapwa Barabara ya Nasser, na simu. Wengi wetu tunatunza faili mbili. Mwaka mmoja niligundua kwamba kwenye kanuni ya mlinganyo kwadratiki nimeandika b² + 4ac badala ya b² − 4ac. Nilisahihisha nakala ya kuchapwa, nikaisahau ya mtandaoni, na waliosomea simu wakaendelea kukokotoa kwa kosa langu. Tangu hapo nasimama upande wa chanzo kimoja: faili moja inayotoa nakala zote mbili.

Hata hivyo, wanaosita wana hoja nzito. LaTeX ya Leslie Lamport, programu ya kupanga maandishi ya hisabati iliyojengwa juu ya TeX ya Donald Knuth, ililelewa na karatasi, ambayo upana wake unajulikana. Mlinganyo unaoenea vizuri kwenye A4 hukatika pembeni mwa simu. “Tazama ukurasa wa 14” haina maana pale pasipo na kurasa. Kwa hiyo chanzo kimoja kinamtaka mwandishi aache kusukuma nafasi kwa mkono, aseme tu: hii ni nadharia, huu ni mfano, hili ni zoezi. PreTeXt, lugha ya kuandikia vitabu na noti iliyoanzishwa na Rob Beezer, imejengwa juu ya wazo hilo, na faili ileile hutoa PDF, kurasa za wavuti, hata Breli. Lakini kujifunza kuitumia kunakula muda, na mwalimu mwenye vipindi kutwa nzima hana muda.

Upande wa wavuti, wengi hugeuza fomula kuwa picha. Hapo sikubaliani nao kabisa. Picha hufifia ukiikuza, mwanafunzi asiyeona hasomewi chochote, na bando la kuipakua lenyewe linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. MathML, lugha ya kuandika fomula ndani ya kurasa za wavuti, ilipitishwa kuwa kiwango mwaka 1998, lakini Chrome ilianza kuikubali rasmi, kwa sehemu yake ya msingi, Januari 2023 tu. Sasa kivinjari huchora sehemu na vipeuo chenyewe, bila kupakua programu ya ziada. Simu zenye vivinjari vya zamani ndizo bado zinahitaji msaada wa MathJax, programu ya ziada inayochora fomula ndani ya kivinjari.

Jaribio la Ijumaa naliandika kwa Word, nalichapa, basi. Ila noti za mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, tunazirekebisha kila muhula, na kila rekebisho katika faili mbili ni nafasi nyingine ya kusahau alama ya kutoa.