Prosesa haikuibiwa, jamani

Haya, kwa kuwa shemeji yangu keshawamwagia stori kwenye grupu na vikatuni vya kucheka juu, ngoja niseme mwenyewe maana ya kwake ina chumvi. Sikuita polisi. Nilisema tu nitaita.

Jana Jumamosi, Tabata, joto lile mnalolijua. Naediti video ya harusi ya mteja, kompyuta inapanda mpaka nyuzi 95 halafu inaanza kutambaa kama daladala Buguruni saa kumi na moja jioni. Fundi alishaniambia kitambo, pesti ya kwenye prosesa, yaani ile krimu ya kupitisha joto toka kwenye hicho kichipu kikuu cha kompyuta, imekauka, badilisha. Nikaona kazi yenyewe ndo hiyo tu? Nikashuka Kariakoo nikachukua kasindano ka pesti, nikarudi, nikachomoa waya, nikafungua kesi. Video ya kufundishia nilitazama dakika mbili, iliyobaki nikaruka (najua, najua).

Skrubu nne zikatoka freshi. Nikashika hitisinki, kile chuma cha kupoozea kinachokaa juu ya prosesa, na feni yake, navuta, haiji. Navuta tena, imenata kama imepigwa supagluu. Nikabana kesi kwa magoti, moja mbili tatu, nikang'oa kama mtu anang'oa muhogo. KRAK! Hiyo hapo. Nikaisimamisha mezani, nikachukua tishu na spiriti nifute pesti ya zamani juu ya prosesa.

Prosesa haipo.

Jamani. Naangalia soketi, pale prosesa inapokaa, vitundu vitupu, vidogo vidogo, na vyenyewe vinaniangalia. Nikamulika tochi ya simu. Vitundu. Nikapuliza, sijui nilidhani imejificha chini ya vumbi. Jasho la mgongoni likageuka baridi. Kichwani kikaja kitu kimoja: humu ndani nani mwingine anaipenda hii kompyuta?

"Shem, hebu njoo. Prosesa umeuza wapi?"

"Prosesa gani shemeji?"

Sasa hapo naongea huku kiganja kiko juu ya ile hitisinki, kila neno naigandamiza mezani, u-me-u-za wa-pi. Waifu katoka jikoni na mwiko. Nikashusha hotuba nzima ya kufuga nyoka ndani. Wala sikujiuliza, kama prosesa imeibiwa, asubuhi ile ile nilikuwa naediti harusi na nini? Na mwizi gani huyo anaiba halafu anarudisha feni anakaza na skrubu nne?

Dogo hakujibu. Akaunyanyua mkono wangu taratibu, kama wa mgonjwa, akageuza hitisinki. "Shemeji, na hiki kilichonata huku chini?"

Wenye Ryzen (prosesa za AMD) za soketi ya AM4 mshaelewa. Miguu, vile vijiwaya vinavyoingia kwenye vitundu, iko kwenye prosesa yenyewe, 1,331, na pesti ikikauka inaganda, ukivuta wima inang'oka na prosesa hata kama kile kimkono cha soketi kimefungwa. Unatakiwa uwashe mashine kwanza ipate joto pesti ilainike, uzime, uzungushe kidogo kushoto kulia ndo unyanyue. Nimeenda kuangalia, iko dakika ya tatu ya ile video.

Miguu kama kumi na mitano ilikuwa imelala, kazi ya kiganja changu hiyo. Dogo kainyoosha kwa wembe saa nzima bila kusema neno, bora angenitukana. Kasindano nako kaninyang'anya maana nilishaanza kupaka kama siagi kwenye mkate, yeye kaweka tone moja katikati saizi ya njegere, kasema hitisinki ikikaa inajisambaza yenyewe. Imewaka, nyuzi 70, harusi imetoka.

Chipsi kuku nimemnunulia na msamaha nimeomba. Tatizo waifu alishapiga simu kwao Tanga kabla hitisinki haijageuzwa, na kupiga tena kurekebisha akasahau. Leo asubuhi namba ya mama mkwe hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Eti hicho kidude alichokuibia mdogo wake mkeo ni shilingi ngapi, tuanze kuchanga?"