Kwenda Zamość mwenyewe ni rahisi kuliko kwenda Kilwa, na sababu si utajiri

Mtu wa kwetu anayeishi Poland anaweza kuzunguka miji ya Toruń, Malbork, Lublin, Zamość na Sandomierz bila wakala, bila mwenyeji na kwa Kipolandi cha maneno kumi. Mtu huyo huyo akirudi likizo akataka kwenda Kilwa Kisiwani, kitu cha kwanza ni kupiga simu kumtafuta anayemfahamu mtu wa huko. Wengi wetu tulioko Ulaya tunasema ni kwa sababu wenzetu wana hela. Sikubaliani. Zamość si mji tajiri, na mabasi madogo yanayoufikia kutoka Lublin yanafanana sana na Hiace zetu, pamoja na dereva anayepokea nauli mkononi. Tofauti ni karatasi ya ratiba iliyobandikwa kituoni, na watu kuiamini.

Karatasi hiyo ina mitego yake, na asiyeijua hulala njiani.

Tuanze na treni. Poland ina kampuni kadhaa zinazopita kwenye reli zile zile, na tiketi ya moja haikubaliki kwenye nyingine. PKP Intercity ni ya safari za mbali, na treni zake huandikwa TLK, IC, EIC au EIP. Polregio inasimama vituo vidogo na kwa kawaida ni ya bei nafuu. Kutoka Gdańsk kwenda Malbork zote mbili zinakupeleka, na kwenye bango zinafuatana. Ukirukia ya Polregio na tiketi ya Intercity kwa kuwa imewahi, kondakta atakuhesabu kama huna tiketi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma jina la kampuni kwanza, saa baadaye. Ukiona tiketi ya Intercity imeandikwa kwamba kiti hakijahakikishwa, ujue umeuziwa nafasi ya kusimama. Hilo hutokea sana Ijumaa jioni na kuelekea sikukuu. Tiketi ya mtandaoni ina jina lako, kwa hiyo pasipoti au kadi ya ukaazi iwe mfukoni, si kwenye begi lililo juu. Anayesoma chuo cha Poland na hajatimiza miaka 26 ana punguzo la asilimia 51 kwa kuonyesha kitambulisho cha mwanafunzi, na punguzo hilo halibagui uraia. Wanafunzi wetu wengi wanalipa nauli kamili bure tu.

Kituoni tafuta bango la manjano. Hilo ni la treni zinazoondoka, *odjazdy*. Jeupe ni la zinazofika, na watu wengi hulisoma hilo kimakosa wakashangaa treni yao inatoka mji wanaoutaka badala ya kwenda huko. Halafu kuna namba mbili: *peron* ni jukwaa, *tor* ni njia ya reli pembeni mwa jukwaa hilo. Jukwaa moja huwa na njia mbili, moja kila upande, kwa hiyo namba za njia huenda mbali kuliko za majukwaa. Bango likisema peron 3, tor 5, anayeshika 5 peke yake huenda jukwaa la tano na kuisikiliza treni yake ikiondoka. Shika jukwaa kwanza, panda ngazi, ndipo uangalie njia.

Kosa linalofuata ni kudhani kituo chenye jina la mji kipo mjini. Toruń Główny kiko ng'ambo ya mto Wisła. Treni ikisimama Toruń Miasto, shuka hapo, mji wa kale ni dakika chache kwa miguu. Kituo cha Sandomierz nacho kiko upande wa pili wa mto, na mji uko juu ya kilima, kama kilomita tatu. Kazimierz Dolny hakuna treni kabisa: unashuka Puławy na kuchukua basi. Malbork ni dakika 15 hadi 20 za kutembea hadi kwenye ngome. Kraków ndiyo imebahatika, maana kutoka Kraków Główny unaingia mji wa kale kwa lango la Floriańska ndani ya dakika kumi.

Sasa nguzo ya kituo cha basi inayobandikwa ratiba kwenye miji midogo, maana hapo ndipo msomaji makini anapojulikana. Kila saa imeandikwa na herufi ndogo pembeni: 8:15 D, 10:40 S, 13:05 E, 16:20 C. D ni Jumatatu hadi Ijumaa isipokuwa sikukuu. E ni Jumatatu hadi Jumamosi isipokuwa sikukuu. C ni Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Alama ya + ni Jumapili na sikukuu, na 6 ni Jumamosi. Hatari zaidi ni S, maana yake siku za shule tu. Julai na Agosti shule zimefungwa, na ndiyo miezi wageni wanayosafiri. Basi la S unaloliona kwenye nguzo halipo, na hakuna mtu wa kukuambia kwa sababu limeshaandikwa. Ufafanuzi wa herufi uko chini ya karatasi kwa maandishi madogo. Usome hata kama unadhani unazijua, maana wapo wenye mabasi wanaoongeza herufi zao. Na nguzo moja inaweza kuwa na karatasi tatu au nne, kila mwenye mabasi na yake. Zisome zote kabla ya kukata tamaa.

Hapa ndipo nyumbani tunawazidi, na tuseme bila kuona haya. Basi la mwisho likiondoka Kazimierz Dolny, limeondoka. Hakuna bodaboda, hakuna bajaji, hakuna Noah inayosubiri kujaa. Teksi za kuita kwa simu zipo za kutosha Kraków, Gdańsk na Wrocław. Kwenye mji mdogo unaweza kusubiri sana au usipate. Kwetu ni nadra mtu kulala stendi kwa kukosa usafiri wa kilomita kumi. Mpango mzuri Poland ni kuandika basi la kurudi kabla hata hujaanza kutazama mji, pamoja na lile linalolitangulia, halafu ukapanda hilo linalotangulia.

Jumapili nayo ina yake. Tangu 2018 sheria imekuwa ikibana biashara Jumapili, na siku hizi maduka makubwa hufungwa karibu Jumapili zote za mwaka. Migahawa inafungua, na duka dogo la Żabka mara nyingi utalikuta wazi. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu. Kwa hiyo anayefika mji mdogo Jumapili jioni na kutaka kutazama Jumatatu amechagua siku mbili mbaya kuliko zote. Tarehe 1 na 3 Mei, Boże Ciało (sikukuu ya Mwili wa Kristo), 15 Agosti, 1 na 11 Novemba pia ni sikukuu, na ratiba ya mabasi hubadilika. Kumbuka na giza. Sisi tumezoea jua kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima. Desemba Warszawa jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na sehemu nyingi za kale hufunga mapema kufuata mwanga. Malbork ni ngome ya matofali kubwa mno, inataka muda wa saa tatu nzima. Ukiingia saa saba mchana mwezi Desemba utatoka hujaimaliza.

Kwenye pesa hatuna cha kujifunza, au tuna kidogo sana. BLIK yao, huduma ya kulipa kwa simu iliyoanza 2015, inakupa namba ya tarakimu sita inayodumu dakika mbili, nayo ni nzuri, lakini inataka akaunti ya benki ya huko. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na haikumwuliza mtu kama ana benki. Kadi inapokelewa karibu kila mahali Poland. Noti ndogo na sarafu weka kwa ajili ya dereva wa basi dogo na choo cha stendi. Mashine ya ATM ikikuuliza kama ikutoze kwa sarafu ya nchi yako, kataa, chagua zloty, maana ukikubali, bei ya kubadilisha inapangwa na mwenye mashine. Kula tafuta *bar mleczny*, mgahawa wa bei nafuu: unaagiza na kulipa kaunta, unaitwa, unarudisha sahani mwenyewe. Pierogi za hapo, vipande vya unga vilivyojazwa chakula ndani, zinashibisha kwa bei ya mwanafunzi. Na ukiingia duka lolote la mji mdogo, sema *dzień dobry* kabla ya neno jingine. Utatazamwa, hasa mashariki ya nchi, lakini salamu hiyo hulainisha mambo kama ilivyo kwetu.

Baada ya hayo yote unafika Zamość na kuelewa kwa nini inafaa. Jan Zamoyski aliuanzisha mji 1580 akampa kazi Bernardo Morando, mjenzi kutoka Padova, na uwanja wake mkuu una mita mia kwa mia. Nyumba za Waarmenia upande wa kaskazini zina rangi kali, na chini yake kuna baraza ya matao unayoweza kuizunguka mvua ikinyesha. Hakuna anayekufuata kukuuzia chochote. Bei za kuingia zimeandikwa, ya kawaida na ya punguzo, na ukiwa umesimama mbele yake hujui kama wewe ni mgeni au mwenyeji, kwa sababu namba haibadiliki.

Kilwa ilikuwa mji wa biashara ya dhahabu karne kadhaa kabla ya Zamość kuwapo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia orodha ya UNESCO 1981, Zamość 1992. Kutoka Dar ni kama kilomita 300 za lami, kibali cha kuingia kinakatwa Kilwa Masoko, kisha unavuka kwa mashua. Safari yenyewe si ngumu. Kinachochosha ni kwamba kila hatua iko kichwani mwa mtu: basi la mwisho kurudi analijua mpiga debe, bei ya mashua inategemea umevaa nini, na muda wa kufungua ofisi unaujua ukishafika. Mtu wa Mbagala au Temeke, ambaye Kilwa ni urithi wake, anaona hiyo ni safari ya watalii na anabaki nyumbani. Kumbe Malbork unakutana na watoto wa shule za Kipolandi kwa mafungu.

Na hatuwezi kusema hatuwezi. Treni ya SGR ya Dar, Morogoro na Dodoma imeanza 2024 ikiwa na saa zilizoandikwa na tiketi za mtandaoni, na watu wanafika kituoni mapema kwa sababu inaondoka kweli. Kilwa, Bagamoyo na Lamu zinahitaji kibao kimoja kila stendi: basi la kwanza na la mwisho kila upande, nauli, mahali pa kukata kibali na saa zake, bei ya kuingia ya raia na ya mgeni, na bei ya mashua kwa mtu mmoja na kwa mashua nzima. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza. Na kila bei inapobadilika, halmashauri imtume mtu na kopo la rangi siku hiyo hiyo.