Dume wa Dresaji: Apimwe kwa Madaha Yake au kwa Miguu ya Watoto Wake?

Katika mabanda ya farasi ya upande wa Usa River, Arusha, ambako hupita nikitoka kuhimilisha ng'ombe wa wafugaji, yapo mabishano ambayo huanza upya kila jike anapokaribia kupandishwa. Wenye farasi hutazama kwenye simu video za madume wa Ulaya wa dresaji, wakishangilia mguu wa mbele unaopaa hadi goti likaribie kifua. Saisi mmoja mzee, yaani mtunza farasi, aliyeshika hatamu tangu ujana wake, huwauliza swali lilelile: watoto wa dume huyo wana miaka mingapi sasa, na bado wanatembea vizuri? Naona pande zote mbili zina hoja nzito, na swali la mzee linastahili jibu.

Dresaji ni mchezo wa farasi uliomo katika Olimpiki. Mpandaji na mnyama wake huonyesha mbele ya waamuzi hatua za kawaida, matiti (mwendo wa midundo miwili, miguu ya mshazari ikienda pamoja) na thelathi (mwendo wa kasi wa midundo mitatu), na katika daraja la juu kabisa, Grand Prix, huongeza pasaji, yaani matiti ya madaha ambayo farasi huonekana kuelea kidogo hewani kila anapobadili miguu, na piafe, ambayo ni matiti ya papo hapo bila kusonga mbele. Kufika huko huchukua miaka. Farasi hupandwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 3, na wengi hawafiki Grand Prix kabla ya kutimiza 9 au 10. Dume, hata hivyo, hukaguliwa na kupewa kibali cha kuzalisha akiwa na miaka 2 na nusu au 3, na kwa njia ya uhimilishaji, yaani kutia jike mbegu za dume kwa mrija, anaweza kupata watoto kwa mamia kabla hata mmoja wao hajabeba uzito wa kazi halisi. Ugomvi wote umeanzia hapo.

Jina linalotajwa kuliko yote ni Totilas, dume mweusi aliyezaliwa Uholanzi mwaka 2000, mtoto wa Gribaldi. Akiwa na mpandaji Edward Gal alipata asilimia 92.30 katika mashindano ya Olympia, London, Desemba 2009, rekodi ya dunia kwa wakati huo, na mwaka 2010 akatwaa medali 3 za dhahabu katika mashindano ya dunia huko Kentucky, Marekani. Mwaka huohuo akauzwa Ujerumani kwa bei iliyotajwa sana kuwa karibu euro milioni 10. Waliompinga walisema kwamba alipoyafungua matiti yake, yaani alipozirefusha hatua zake, mguu wa mbele ulirushwa juu kuliko wa nyuma ulivyoweza kuufuata, ilhali katika mwendo sahihi mguu wa mbele na mwenzake wa nyuma wa mshazari huenda sambamba. Mwaka 2015, katika Mashindano ya Ulaya ya Aachen, alionekana uwanjani akienda kwa mwendo usiolingana, akaondolewa, uchunguzi ukaonyesha uvimbe ndani ya mfupa wa mguu, na hakushindana tena. Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo Desemba 2020.

Si haki kuishia hapo. Mtoto wake Total US alifika Olimpiki ya Tokyo akipandwa na Gal yuleyule aliyempanda baba, na dume ambaye mtoto wake amefika huko hawezi kuitwa hasara. Zaidi ya hayo, mguu wa farasi huharibiwa pia na mafunzo, uwanja na mikono ya mpandaji, na Totilas alibadilishiwa mpandaji akiwa katika kilele chake. Rekodi yake ilivunjwa na Valegro, ambaye Desemba 2014 alifikia asilimia 94.30. Lakini Valegro alikuwa amehasiwa na hakuacha mtoto hata mmoja, kwa hiyo anayetaka damu ile analazimika kumrudia baba yake, Negro.

Upande wa pili namweka Donnerhall wa Oldenburg, Ujerumani, na sifichi kwamba ndiye ninayemheshimu zaidi. Alizaliwa mwaka 1981, akazalisha huku akishindana chini ya mpandaji Karin Rehbein, na mwaka 1998, akiwa na miaka 17, alikuwamo katika timu ya Ujerumani iliyotwaa ubingwa wa dunia huko Roma. Sasa tazama jukwaa la medali za mtu mmoja mmoja la Olimpiki ya Rio, 2016: dhahabu Valegro, fedha Weihegold, jike aliyezaliwa na Don Schufro, shaba Desperados, dume aliyezaliwa na De Niro. Don Schufro na De Niro wote wawili ni wana wa Donnerhall. Wajukuu wawili wa farasi mmoja katika medali tatu, tena miaka 14 baada ya babu kufa! Don Schufro mwenyewe alikuwa katika timu ya Denmark iliyopata shaba mwaka 2008, akiwa na miaka 15.

Wanaotetea madume wa mwendo mkubwa hujibu kwamba kusubiri hadi dume azeeke ni kupoteza kizazi kizima, kwa kuwa mwendo hurithiwa vizuri zaidi kuliko maisha marefu ya kazi, ambayo hutegemea mambo mengi mno. Humtaja Sandro Hit, bingwa wa dunia wa farasi wa miaka 6 mwaka 1999, ambaye hakufika Grand Prix na ambaye miguu ya nyuma ya uzao wake imelaumiwa sana, lakini ndiye baba wa Showtime, aliyekuwamo katika timu ya Ujerumani iliyotwaa dhahabu Rio. Humtaja pia Glamourdale, bingwa wa dunia wa farasi wa miaka 7 mwaka 2018, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa wakubwa mwaka 2022 na kushiriki Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 13. Mfano huu wa mwisho una nguvu, maana unaonyesha kwamba madaha ya ujana na uzima wa miguu vinaweza kukaa katika mwili mmoja.

Nakubali vinaweza. Ninachokataa ni kuchukulia kwamba kimoja kinathibitisha kingine. Siku moja saisi yule alimpitisha farasi wa miaka 8, anayesifiwa sana hapa kwa kuinua miguu, kwa matiti juu ya kifusi kigumu nje ya banda, akaniambia nifumbe macho. Matiti hupiga midundo miwili. Nikasikia mmoja mzito, mwingine mwepesi kidogo, mzito, mwepesi. Kisha akapitisha kidole gumba nyuma ya muundi wa mguu wa nyuma wa kushoto, akishuka taratibu hadi pale kano inayobeba kifundo inapogawanyika mara mbili, na farasi akaupokonya mguu wake. Kano hiyo hujinyoosha kama mpira kila kifundo kinaposhuka karibu na ardhi, na kadiri mwendo unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyovutwa zaidi. Katika video ya dakika mbili, iliyopigwa juu ya mchanga laini, mdundo ule mwepesi usingesikika kabisa.

Sisi wa uhimilishaji tumeonywa tayari na ng'ombe. Fahali mmoja wa Marekani wa aina ya Holstein, Chief, aliyezaliwa mwaka 1962, alisambaza uzao wa maziwa mengi duniani, na pamoja nao kasoro moja ya jeni ambayo watafiti walikuja kukadiria kuwa imesababisha mimba zaidi ya 500,000 kuharibika. Faida ya maziwa ilizidi hasara hiyo kwa mbali, nalo ni jambo la kukiri. Farasi wa Ulaya nao wana jeni inayodhoofisha ngozi ya mtoto hadi inachanika: wazazi wote wawili wakiibeba, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Hiyo angalau hupimwa kwa unywele, na asiyepima hana kisingizio. Udhaifu wa kano hauna kipimo rahisi namna hiyo. Kipimo chake ni umri.

Kwa hiyo mwenye jike hapa Arusha, ambako farasi hukanyaga kifusi na mawe ya volkano kuliko mchanga wa uwanjani, akiniuliza achukue mrija wa mbegu za dume gani, namwelekeza kwenye ukoo wa Donnerhall kabla ya ukoo wowote wa bingwa kijana. Na kama ni dume aliye hai, namwambia aombe video moja tu: dume huyo akiwa amepita miaka 15, bila mpandaji, akitembea hatua za kawaida juu ya ardhi ngumu, sauti ikiwa imewashwa.