Soketi Isiyolalamikiwa

Juzi Jumanne, saa mbili usiku, nilichomeka birika la umeme kwa nia njema kabisa ya kunywa chai, na soketi ya chumba changu ikanijibu kwa cheche ya bluu, mlio wa kukohoa na harufu ya kandambili iliyodondokea kwenye jiko la mkaa. Mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu, kwa hiyo sikupiga kelele. Nilitoka mbio bila shati nikazima meni swichi, nyumba yote ya vyumba sita ikaingia gizani, na kwa kuwa mpira ulikuwa umefika dakika ya themanini na tisa, majina niliyoitwa koridoni hayaandikiki.

Asubuhi Baba Mwenye Nyumba alifika kukagua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kodi?"

"Kodi nilishalipa ya miezi sita, mzee. Nilikupigia kwa habari ya soketi."

Aliingia chumbani akiwa amefunga mikono nyuma kama mgeni rasmi anayezindua kisima, akaitazama soketi iliyokwisha kuwa nyeusi upande mmoja, kisha akaniuliza nilichomeka nini, kwa sauti ya daktari anayeshuku kwamba mgonjwa amekula alichokatazwa. Nilipotaja birika, alishusha pumzi. Akanieleza kwamba mpangaji aliyenitangulia alikaa na soketi hiyohiyo miaka tisa bila kuilalamikia hata siku moja. Nikamuuliza, kwa adabu, mpangaji huyo alikuwa na vyombo gani vya umeme. Akasema alikuwa na redio ya betri.

Hapo nikajaribu kuleta elimu. Nilimweleza kwamba birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea zisizofika tisa, na soketi yenyewe imeandikwa 13, kwa hiyo kosa si la birika bali huenda ni la skrubu zilizolegea kule ndani, maana waya usioshika sawasawa hupata moto hata kwa mzigo wa kawaida. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Kumbe unajua umeme," akasema. "Basi itengeneze."

Nikampeleka kwenye meni nimwonyeshe jambo lililoninyima usingizi: mahali pa fyuzi pamefungwa waya mnene wa shaba, ambao unaweza kuitazama nyumba nzima ikiteketea na wenyewe usikatike. Kazi ya fyuzi ni kufa ili sisi tupone, na waya ule haukuwa na mpango wa kumfia mtu yeyote. Nilidhani mzee atashtuka. Akatabasamu kwa fahari.

"Ile ya mwanzo ilikuwa inakatakata umeme kila mkipiga pasi. Nikaikomesha mwenyewe."

Nikamwomba basi, maadamu hakuna tatizo, achomeke birika kwa mkono wake. Akakumbuka kwamba adhana ya adhuhuri imekaribia, ilhali ilikuwa saa tatu na nusu. Akiwa mlangoni akatoa hukumu: nitafute fundi, nimlipe, nitunze risiti, "tutakata kwenye kodi." Risiti ya bomba la choo la mwaka 2022 bado ninayo, wino umefifia hadi imekuwa karatasi nyeupe, na nadhani fundi wa safari hii anaweza kuiandikia hiyohiyo.

Fundi mwenyewe alikuja jana, akafungua meni, akaifunga taratibu, akaomba nauli ya kurudia.

Jamani, dirisha langu lina nondo zilizochomelewa pande zote nne, mlango wa kutokea nyumba nzima ni mmoja, na pikipiki ya jirani hulala koridoni palepale mlangoni, tangi likiwa limejaa, kwa sababu ya wezi. Mwizi haingii, hilo nakubali. Sisi tutatokea wapi? Namba 114 ya Zimamoto nimeikariri, na nimefanya hata mazoezi ya kuwaelekeza, kwamba mkifika kwa muuza mkaa kateni kushoto, mkiona msumari wa kuning'inizia mishikaki mmepitiliza, lakini gari lenyewe litapita wapi katika uchochoro ambao bajaji ikishaingia hutoka kinyumenyume huku abiria amekunja miguu?

Kwa sasa nachemsha maji kwa mkaa. Chumbani siwezi, moshi utaniua kabla ya soketi, kwa hiyo jiko nimeliweka koridoni. Jana usiku, maji yakiwa yanakaribia kuchemka, jirani mwenye pikipiki alinijia, akachuchumaa karibu yangu, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba tukiishi wengi lazima tufikirie usalama wa wenzetu, na kwamba jiko langu pale lilipo ni la hatari. Nikalisogeza. Sasa liko upande wa pili, jirani na mtungi wa gesi wa chumba namba nne.