Nilikuwa nakagua ventilesheni, sikuwa nalia

Naona voisi noti ya yule rafiki yangu (tumesoma wote chuo, anajijua) imeshafika hadi Usa River, eti nilikwama dirishani nikaanza kulia namwita mama. Jamani. Kulia sijalia. Na mama niliyemwita ni mama mwenye nyumba, nilikuwa namsalimia. Acheni niwasimulie mwenyewe maana klipu mnayoiona inaanzia katikati na inanionea.

Maisha yangu mnayajua, msanifu majengo na mwalimu kwa pamoja, asubuhi studio na wanafunzi wa mwaka wa pili, mchana saiti, usiku nasahihisha michoro huku fundi anapiga simu kuuliza nondo. Nikaona isiwe tabu, badala ya kuwaonyesha machalii choo kwenye projekta niwapeleke Moshono kwenye nyumba ninayosimamia, darasa na ukaguzi safari moja, mafuta yale yale. Na walihitaji kweli, maana semista nzima wananichorea vyoo ambavyo mlango ukifunguka unagonga magoti ya aliyekaa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewachosha na Soko la Kariakoo, vile msanifu wake Beda Amuli alivyolichora hewa ipite yenyewe, kwa hiyo ventilesheni ilikuwa mdomoni mwangu kabisa. Shikeni hapo.

Tumefika, wamejipanga koridoni na helmeti zao, binti mmoja nikampa simu yangu apige picha za kumbukumbu za kozi. (Ndio, simu yangu mwenyewe. Nyamazeni.)

Nikaanza kwa madaha. Choo hiki ni milimita 900 kwa 1500, kidogo, lakini mtu anaingia, anakaa, anasimama, anageuka. Mlango unafungukia nje, kwa nini? Kimya. Nikawaambia kwa sababu mtu akizidiwa akaanguka humu ndani, mlango wa kufungukia ndani utamgonga yeye na hamtaweza kumtoa. Wakaandika wote. Nikasema sasa ngoja muone mtu anavyogeuka, nikaingia, nikauvuta mlango kwa ukingo.

Ka! Mlango ukajifunga.

Sasa fundi alikuwa ameshaweka tumbo la kitasa na ulimi wake, mikono bado. Mikono iko mfukoni mwake, na yeye mwenyewe yuko kwa mama lishe. Ndani hakuna cha kushika, nje hakuna cha kushika. Kuna katundu ka pembe nne tu katikati ya kitasa, nikainama kuchungulia, nikakuta jicho la mwanafunzi linanichungulia mimi.

"Mwalimu, na hii tuandike?"

Mwanzoni sikuonyesha kitu, nikaendelea kufundisha humo humo, sauti inarudi kwenye vigae mpaka najisikia kama niko redioni, hadi binti akaniambia kupitia mlangoni simu inaita, imeandikwa Mama Moshono. Nikamwambia pokea, sema niko kikaoni. Kimya kidogo. "Mwalimu, anasema yeye yuko getini. Amekuja na wakwe zake kuwaonyesha nyumba."

Hapo ndo akili ilinihama.

Dirisha. Niwaeleze hili dirisha. Liko kaskazini, kwa sababu Arusha tuko kusini kidogo tu ya ikweta na jua linalochoma nyumba ni la mashariki na magharibi, kwa hiyo madirisha tunayapeleka kaskazini na kusini. Pia kaskazini kuna Meru, na mama nilimuuzia kabisa, kwamba hata chooni utauona mlima. (Akisimama lakini.) Mchoro unasema 600 kwa 450. Na kila mwaka nawaimbia wanafunzi kwamba kipimo cha kwenye mchoro ni cha tundu la ukutani, toa fremu, toa plasta, ndo upate kinachobaki. Kila mwaka!

Kulikuwa na ndoo ya rangi ya lita 20. Nikaipindua, nikapanda, nikatanguliza mikono, kichwa, mabega nikayapitisha kwa upande, moja halafu jingine, nikajisemea mbona rahisi. Kifua kikapita. Tumbo nikalivuta ndani likapita nusu, halafu likakumbuka kuwa mimi nahitaji kupumua. Nikajisukuma na ndoo ikateleza, naisikia inabingirika kule chini, miguu ikabaki inaning'inia. Na ile tepu ya kupimia ninayoitundikaga kwenye mkanda ikajibana kati ya kiuno na fremu, nikijaribu kurudi inanichoma mbavu, nikienda mbele inazidi kujikaza, na ulimi wake umeshachomoka unatambaa ukutani huko nje, tiii, pole pole, sentimita hadi sentimita, kana kwamba kuna mtu kaagiza vipimo.

Meru ilikuwa wazi siku hiyo, hakuna hata wingu. Mita 4,566 zote zinanitazama.

Halafu wanafunzi wakazunguka nyumba. Hawakuja kunivuta. Kijana mmoja akaishika ile tepu akasoma urefu kutoka dirishani hadi chini, akamtajia mwenzake, mwenzake akaandika. Nataka kuwafokea, hewa haitoshi.

Ndo mama akatokea kwenye kona, kitenge kimenyooka, nyuma yake wazee wawili na bibi mmoja mwenye mkongojo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akanitazama. Akawatazama wakwe. "Ehe, unafanya nini hapo?"

"Nakagua ventilesheni, mama."

Yule bibi akasogea karibu kabisa, akaweka kiganja chini ya dirisha pembeni ya shingo yangu, akakaa hivyo muda. "Mbona hewa haipiti?"

Ndo nikapiga ile sauti mnayoisikia kwenye klipu. Ni kicheko cha kubanwa, sio kilio, msikilize vizuri.

Mengine ya haraka haraka. Fundi alikuja bado anatafuna, akagonga pini za bawaba zikatoka maana ziko upande wa nje, mlango akauweka pembeni, akanivuta miguu. Suruali imechanika. Mama ameniambia dirisha likuzwe na bei ibaki ile ile. Na binti anaapa alikuwa anatuma picha za ngazi kwenye grupu la darasa, ila video ndo ikaenda, na kwa kuwa simu ni yangu, kwenye grupu inaonekana nimeituma mimi.

Juzi wametundika michoro yao ya kupimwa. Vyoo vyote sasa mlango unafungukia nje, hongera zao. Yule kijana wa tepu yeye dirisha la choo kalichora 900 kwa 900, pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: "kipimo baada ya fremu, mwalimu anapita." Majaji wenzangu wakakaa kuniangalia niseme kitu.

Nimempa B+. Mshale wa kaskazini alisahau.